Barua Elfu Sitini Zilizokwama

"Nimeua mtu, afande. Andika hivyo hivyo, nitie sahihi, tumalize."

Inspekta hakuandika. Alifunika kalamu yake, akamtazama kijana aliyekaa ng'ambo ya meza. Hospitali nzima ilimwita Waya, kwa kuwa katika miaka saba ya kuhudumia kompyuta zao hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha waya shingoni au mfukoni. Asubuhi hii hakuwa nacho. Alikuwa amelala mahabusu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda akipuliza kuni mbichi.

"Umeua vipi?"

"Seva ya barua pepe ni yangu. Funguo za chumba ninazo mimi, nywila ninayo mimi. Jana imekwama. Majibu ya damu ya yule mwalimu yametoka maabara saa tatu na nusu asubuhi, yakakwama humo. Daktari kasubiri weee, saa sita na dakika arobaini mwalimu amekata roho. Sasa muuaji nani mwingine?"

"Nimekuuliza vipi. Sikukuuliza nani."



Inspekta alijua kwa nini daktari wa wodi alisubiri. Mwaka uliopita muuguzi mmoja alipokea majibu kwa simu akayaandika kwenye cheti cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Tangu siku hiyo uongozi ulipiga marufuku majibu ya mdomo. Majibu yote yalipita kwenye barua pepe, na daktari aliyeanza dawa bila kuyaona alijitafutia barua ya onyo. Daktari alipiga simu maabara saa tano kuuliza. Akaambiwa: tumeshatuma, barua pepe ndiyo mbovu, vumilia.

"Simama," Inspekta alisema. "Twende ukanionyeshe hicho kilichokwama."

Mlangoni mwa chumba cha seva walimkuta mganga mkuu, mikono kiunoni, miwani imepandishwa hadi kwenye paji la uso.

"Inspekta, nimeshatoa agizo foleni yote ya barua ifutwe. Hospitali haiwezi kukaa siku mbili bila barua."

"Nani wa kuifuta? Fundi wako ninaye mimi."

"Nimeita kampuni. Wanakuja saa tano."

"Wakifuta, wamefuta ushahidi."

"Ushahidi gani tena, na mtu mwenyewe amekiri?"

Inspekta alitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa mbili na nusu. "Basi hadi saa tano chumba hiki ni changu. Majibu ya leo yapelekwe kwa miguu, kwenye karatasi. Na wewe mkuu, nakuomba ubaki hapa. Nitakuhitaji."

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Rafu za mbao zilibaki ukutani, na juu ya mojawapo palikuwa na karatasi ya manjano iliyoandikwa kwa mkono: MASHUKA YA WATOTO. Chini ya maandishi hayo mashine nyeusi, ukubwa wa sanduku la nguo, ilivuma kwa nguvu na kupepesa taa ya rangi ya chungwa. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo. Konstebo aliyewasindikiza alimfungua Waya pingu, akasimama mlangoni.

"Usiguse kitufe kabla hujaniambia kinafanya nini," Inspekta alisema.

"Nataka kuisimamisha foleni. Barua hazitafutika. Zitasimama pale zilipo, isitoke hata moja wala isiingie."

"Simamisha."

Waya alibonyeza. Namba zilizokuwa zikikimbia kwenye skrini zilitulia.

"Elfu sitini na mbili, mia tatu na nne," alisoma. "Siku ya kawaida hazifiki hamsini kwa wakati mmoja."

"Zimetoka kwa nani?"

"Nizipange kwa majina ya watumaji? Haifuti kitu, ni kama kupanga mafaili."

"Panga."

Skrini ilifikiri kwa muda. Majina mawili yalipanda juu ya mengine yote. Waya alisogeza uso karibu na kioo.

"Famasia, elfu ishirini na tisa mia nne arobaini na sita. Wa pili..." Alilisoma jina mara mbili. "Wa pili ni Babu Faili."

"Ndiye nani?"

"Mzee wetu wa masijala."

"Yuko wapi? Nataka kumhoji."

"Tumemzika wiki tatu zilizopita, afande."

Konstebo alikohoa. Mganga mkuu alishusha miwani yake machoni. "Si nilisema? Wadukuzi hawa! Wameingia kwa jina la maiti!"

"Nani ana nywila ya marehemu?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," Waya alisema.

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

Mganga mkuu alimtazama Inspekta kwa macho ya "umeona sasa?" Inspekta hakumrudishia. Mezani kwake, kituoni, palikuwa na barua ya mwezi uliopita ambamo Waya aliomba kupandishwa cheo, na chini yake mkuu huyu huyu alikuwa ameandika "Haiwezekani" kwa wino mwekundu. Fundi mwenye kinyongo, nywila ya marehemu, mashine iliyozidiwa siku moja. Kesi ilikuwa imejipanga vizuri mno, na Inspekta hakupenda kesi iliyojipanga kabla yeye hajaigusa.

"Fungua barua moja ya marehemu. Soma."

Waya alisoma polepole. "Ndugu uliyetuandikia, mzee wetu hayupo tena, ametutoka. Asante kwa kumkumbuka. Masijala itakusaidia."

"Imekwenda kwa nani?"

"Famasia."

"Ya famasia iliyofuata?"

"Tumepokea barua yako. Asante. Tutaishughulikia."

"Iliyofuata?"

"Ndugu uliyetuandikia, mzee wetu hayupo tena..." Waya hakumaliza. Alishuka kwenye orodha, barua kumi, ishirini, mia. Marehemu alishukuru, famasia ikashukuru, marehemu akaishukuru famasia. Kila shukrani ilikuwa imezaa nyingine.

"Nani aliyeandika haya maneno ya msiba?" Inspekta aliuliza.

"Mimi." Waya aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa rafu. "Watu walikuwa bado wanamwandikia. Babu alijua kila faili, afande, hadi wagonjwa wa wilaya nyingine walimwandikia. Kina mama wa masijala kila wakifungua barua yenye jina lake wanaangua kilio, kazi inasimama. Shangazi akaniambia, mwanangu, weka kitu kimjibu mtu kwa upole, wasisumbuke hawa. Jana saa mbili na nusu nikaweka."

"Kompyuta hujibu hivyo bila mwisho?"

"Hapana. Kawaida inamjibu mtu mmoja mara moja tu kwa siku. Mimi nikaona ni ukavu. Mtu aandike mara mbili kumuulizia marehemu, anyamaziwe? Nikaondoa hicho kizuizi. Na ule mfumo wa famasia ulitengenezwa na mpwa wa mtunza stoo, unajibu chochote kinachoingia, hauangalii anayeandika ni binadamu au nini. Saa tatu kasoro dakika kumi ukamwandikia Babu kumkumbusha daftari la dawa. Hapo ndipo walipoanza. Saa tatu na robo mashine ilikuwa imeshaziba."

Mganga mkuu alivuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo hospitali yangu imezibwa na rambirambi."

"Nimeiziba mimi," Waya alisema. "Sikujua hadi sasa hivi. Jana niliiwasha upya saa tano bila kuangalia ndani, ikazidi. Ni mimi, afande. Hata Shangazi, mimi nimemfungia majibu yake mlangoni, na alfajiri ya leo kaja kituoni na chupa ya chai na mkate. Hakuniuliza kitu. Alilia tu."

"Shangazi ni nani?"

"Mkuu wa maabara," mganga mkuu alijibu. "Wote humu tunamwita hivyo. Amewalea nusu ya wafanyakazi."

Inspekta alifunua kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliandika kitu: *chai, alfajiri, hakuuliza*.

"Zima hilo jibu la marehemu," alimwambia Waya. "Kisha uziweke kando barua zake na za famasia. Zilizobaki ni ngapi?"

Waya alibonyeza huku akitaja kila anachofanya. Mvumo wa mashine ulipungua, ukawa wa kawaida. "Elfu tatu, mia nne na kumi na tatu. Hizi ndizo barua za watu. Naweza kuziachia sasa hivi, zitafika zote."

"Bado. Nionyeshe ya mwalimu."

"Ya saa tatu na nusu..." Waya alishuka kwenye orodha. "Zimepangwa kwa zamu ya kufika. Hapa, ya mia mbili na kumi, ni saa tatu na dakika ishirini na nane. Ya mia mbili na kumi na nne, saa tatu na nusu. Hii ni ya wodi ya wazazi. Hii ya mapokezi." Alirudi juu, akashuka tena. "Haipo."

"Itafute kwa namba ya mgonjwa."

Aliandika namba. Mstari mmoja ukajitokeza. "Hii hapa. Imeandikwa saa tatu na nusu, kama ilivyo kwenye daftari la maabara."

"Ni ya ngapi kwenye foleni?"

"Ya elfu mbili na kumi na tisa."

"Iliyo mbele yake ni ya nani?"

"Stoo. Wanaagiza glavu. Saa saba na dakika kumi na saba."

"Iliyo nyuma yake?"

"Jikoni. Saa saba na dakika kumi na tisa."

Inspekta alivuta kigoda, akaketi bega kwa bega na kijana.

"Mtu akikuambia amefika kliniki asubuhi mapema, na wewe unamkuta amekaa kati ya waliokuja mchana, unamwambiaje?"

"Namwambia..." Waya aliuwekea kidole ule mstari. "Afande, barua ina saa za aina mbili. Moja inaandikwa na kompyuta inakotoka. Ukirudisha nyuma saa ya kompyuta yako, barua nayo itasema uongo. Ya pili ni muhuri wa seva, inagongwa barua inapoingia mlangoni, na mtumaji haigusi."

"Muhuri wa hii unasemaje?"

"Saa saba na dakika kumi na nane."

"Labda ilikwama njiani, kati ya maabara na hapa. Si mashine ilikuwa imeziba?"

"Imeziba kutoa. Kupokea ilikuwa inapokea, ndiyo maana zimejaa."

"Nithibitishie. Barua nyingine za kompyuta hiyo hiyo ya maabara."

Waya alizichambua. Zilikuwa thelathini na nane kabla ya ile ya mwalimu. Walizipitia zote, saa iliyoandikwa na saa ya muhuri, moja baada ya nyingine, Inspekta akiweka alama kwenye daftari. Hakuna iliyopishana hata kwa sekunde tano. Ile ya mwalimu peke yake ilipishana kwa saa tatu na dakika arobaini na nane.

"Mkuu," Inspekta alisema bila kugeuka, "jana saa saba na dakika kumi na nane Waya alikuwa wapi?"

Mganga mkuu aliitazama sakafu. "Ofisini kwangu. Tangu saa saba kamili hadi polisi walipokuja. Nilikuwa namfokea."

"Aligusa kompyuta?"

"Alisimama kwenye kona. Sikumpa hata kiti."

"Na mwalimu alikata roho saa sita na dakika arobaini."

Waya alikuwa akiutazama ule mstari mmoja, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepona.

"Afande," alisema, "katika maabara wanaotuma majibu ni watu wawili. Msaidizi yuko likizo ya uzazi."

* * *

Maabara ilikuwa ng'ambo ya ua, mlango wa kijani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu mbele ya mashine ya kupima damu, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi likawa na ncha. Alimwona Waya kwanza.

"Wamekuachia, mwanangu?"

Waya alibaki karibu na mlango, pembeni ya konstebo.

"Kaa tu, mama," Inspekta alisema, kwa maana Shangazi alikuwa anataka kumpisha kiti. "Damu ya mwalimu iliingia hapa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Mashine inachukua muda gani?"

"Dakika ishirini. Nikaandika, nikatuma saa tatu na nusu. Imo kwenye daftari."

"Daftari nimeliona. Mashine hii inatoa karatasi ya majibu?"

"Inatoa."

"Ya mwalimu naomba."

"Niliitupa. Karatasi huwa zinajaa."

"Za wagonjwa wengine wa jana zote zimechomekwa pale ukutani, kwenye msumari. Umeitupa ya aliyekufa?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Aliifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Inspekta alitandaza daftari lake juu ya meza, penye safu mbili za saa, na akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Hakueleza. Shangazi alisoma mwenyewe.

"Seva ina saa yake," alisema Shangazi kwa sauti ndogo. "Hilo sikulijua."

"Nieleze unalolijua."

"Yule mwalimu alikuwa mgonjwa wangu miaka miwili. Kila mwezi anakuja kliniki kupimwa figo. Damu ya kliniki tunaipima mchana, inakaa kwenye rafu ile ya buluu. Jana alilazwa, kichupa chake kikaja kutoka wodini, kikiwa cha haraka. Nikaona jina lake." Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama. "Mkono ukakiweka kwenye rafu ya buluu. Sikuuambia. Umezoea."

"Daktari alipopiga simu saa tano?"

"Nilimwambia nimeshatuma. Nilikuwa nimetuma nyingi, na kila mtu alikuwa akilia barua zimekwama. Niliamini yake imo humo. Sikuinuka kutazama. Ni hatua nne, Inspekta. Kutoka kiti hiki hadi rafu ile ni hatua nne."

"Ukakiona lini?"

"Habari za kifo zilikuja saa sita na dakika hamsini. Nikaanza kupanga vichupa vya kliniki. Cha tatu kikawa chake. Nikakipima." Alielekeza kidole kwenye mashine. "Potasiamu, saba nukta moja. Hiyo inasimamisha moyo. Ningesema saa nne, wangempa dawa, angekuwa hai. Nikarudisha saa ya kompyuta, nikatuma. Nikajua barua elfu zimekwama, moja zaidi nani ataiona?"

"Ungeweza kusema ukweli saa ile."

"Alikuwa ameshakufa. Ukweli ungemsaidia nani?"

"Huyu," Inspekta alisema, akimwonyesha Waya.

Shangazi hakugeuka. Ni Waya aliyesogea, hatua moja, nyingine, hadi akafika mezani.

"Ulikuja na chai," alisema. "Shangazi. Nimekuomba msamaha mimi. Nimekushika mikono nikakuomba msamaha kwa kukufungia majibu. Ukaniachia nikaomba."

"Mwanangu..."

"Usiniite."

Konstebo alitoa pingu. Shangazi alizitazama, kisha akatazama kibao cha vichupa mbele yake, akasema kwa sauti ya kazi, isiyo na kilio ndani yake: "Hivi sita ni vya wodi ya watoto. Vimefika saa tatu kasoro robo. Hakuna mwingine hapa anayeijua mashine. Ukinichukua sasa, vitakaa."

Inspekta alimwashiria konstebo arudishe pingu kiunoni. "Pima. Kila namba uisome kwa sauti, na karatasi ya mashine unipe mkononi."

Walifanya hivyo kwa karibu saa mbili. Shangazi alipakia, alisubiri, alisoma. Inspekta aliandika namba na dakika. Waya alichukua kila karatasi, akavuka ua hadi wodi ya watoto, akarudi jasho likimtiririka, bila kumtazama yule mama usoni. Mara moja, kwenye kichupa cha nne, Shangazi alisoma namba kisha akasema, "Hii wakimbie nayo." Waya alikimbia.

Baada ya cha sita Shangazi aliosha mikono hadi kwenye viwiko, akatundika koti, akainyoosha mikono mbele. Alipopitishwa mlangoni wauguzi wawili waliokuwa uani walimwamkia kama kila siku, naye akaitikia. Walipoziona pingu alikuwa ameshawapita.

Waya alibaki amekaa kwenye ngazi ya maabara. Inspekta alisimama juu yake.

"Uko huru. Nenda nyumbani ukalale."

"Afande, nisingeondoa kile kizuizi, barua zisingekwama. Zisingekwama, daktari angesikia 'tumeshatuma', angeangalia, asingeiona, angeshuka huku mwenyewe saa tano. Ni kweli au si kweli?"

Inspekta alifikiri. Angeweza kumdanganya, na kijana alikuwa anamtazama kama anayeomba adanganywe.

"Ni kweli."

"Basi na mimi nimo."

"Umo," Inspekta alisema. "Lakini hilo halina kifungu cha sheria. Siwezi kukufunga kwa ajili yake, wala siwezi kukufungua."

Kengele ya saa tano ililia kwenye mapokezi. Gari la ile kampuni lilikuwa likiingia getini. Waya aliinuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kuvuka ua kuelekea chumba cha seva kabla wageni hawajafika, kwenda kuziachia barua za watu.